Cherehani ya Bibi Haijafa: kuichagua, kuifufua na kuishonea

Wengi wanaonijia hapa barazani Ngamiani huja na cherehani imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, na neno moja mdomoni: "Fundi, hii ya bibi imekufa." Nikiuliza imekufaje, naambiwa gurudumu halizunguki. Hiyo haijafa, imeganda. Kuganda kuna dawa, na dawa yenyewe inauzwa duka la mtaani: mafuta ya taa. Basi nimeamua kuyaandika majibu yote mara moja, ili ukija usije kuniuliza, uje kunionyesha.

Nazungumzia cherehani za nyumbani za mkono na za miguu tu. Za kiwandani na za umeme zina mambo yake.

Ijue uliyonayo

Nyumba nyingi za Tanga utakuta moja kati ya mbili: Singer au Butterfly. Singer ukiona namba ya modeli ina herufi K, kwa mfano 15K, 28K au 99K, ujue imetoka kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, kule Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Namba yake imegongwa juu ya kitako cha chuma, upande wa kulia, chini ya shingo. Futa uchafu uisome. Ikiwa ni tarakimu tupu bila herufi mbele, mashine hiyo ni ya kabla ya 1900. Ikianza na E na herufi nyingine, kama EA au EK, ni ya Kilbowie kuanzia miaka ya 1930. Butterfly ya JA2-1 ni ya Shanghai, na umbo lake limefuata Singer 15, ndiyo maana sindano na bobini (kile kidude cha kuzungushia uzi wa chini) zao zinaingiliana.

Lakini kwa anayeanza, jambo la kutazama ni bobini kuliko mwaka. Ziko aina tatu utakazokutana nazo:

Ya kwanza ni bobini ya mviringo inayokaa ndani ya nyumba yake (wengine husema keisi) na kuingizwa kwa upande wa kushoto, chini ya sindano. Hiyo ni 15K na Butterfly. Ya pili ni bobini ya mviringo inayolala chali chini ya kifuniko, karibu na sindano. Hiyo ni 66 na 99. Ya tatu ni bobini nyembamba ndefu kama kijiti, inayoingia ndani ya kichuma chenye umbo la risasi, nacho kinakwenda mbele na nyuma kama mtu anayebembea. Hiyo ni 27, 28, 127 na 128.

Ushauri wangu: kama hujanunua bado, anza na 15K au Butterfly. Vipuri vyake havikusumbui. Ile ya risasi ni tamu kushonea, haina kelele, mimi mwenyewe naipenda kuliko zote, ila ikija bila risasi yake au bila bobini hata moja, utazunguka kuitafuta mpaka uchoke. Na bobini ya 15 na ya 66 ukizishika mkononi utadhani ni ndugu. Hazibadilishani. Ukilazimisha, uzi wa chini utakusumbua mpaka ukonde.

Kabla ya kutoa hela

Gurudumu kutozunguka lisikutishe, litakupunguzia bei. Kutu ya juu juu isikutishe. Kinachotisha ni ufa. Pitisha kidole kwenye kitako cha mashine, kwenye shingo na kwenye miguu ya chuma ya meza. Hicho ni chuma cha kusubu, na kikishapasuka weldingi ya mtaani haikishiki vizuri. Tazama pia kile chuma kinachobeba sindano kama kimenyooka, kifuniko cha bobini kama kipo, na kama mbao za meza hazijaliwa na mchwa. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama boksi tupu, kwa ndani hamna kitu.

Ya mkono, hakikisha mkono wake upo na meno ya gia hayajavunjika. Ya miguu, hakikisha kanyagio, fimbo inayopanda kutoka kwenye kanyagio, na gurudumu kubwa vyote vipo. Kuna watu hununua miguu ile ya chuma peke yake na kuifanya meza za mgahawa, kichwa wakakitupa kwa wauza chuma chakavu. Sinywi chai kwenye meza zile.

Na akitokea mtu anataka kununua Singer yako kwa bei ya kiwanja kwa sababu eti "ina zebaki nyekundu", usimkaribishe ndani. Uvumi huo ulivuma sana Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakanunuliana cherehani kuukuu kwa bei za ajabu, wakizijaribu kwa kuziwekea simu karibu na sindano. Polisi wa huko walisema ni utapeli. Ndani ya cherehani kuna chuma, mafuta na vumbi la nguo, basi.

Andaa vitu hivi kwanza

Mafuta ya taa, robo lita inatosha. Mafuta ya cherehani yenyewe, yale meupe mepesi ya kichupa chenye mdomo mrefu. Bisibisi mbili za bapa, kubwa na ndogo, ambazo ncha zake zinajaa kwenye mfereji wa skrubu. Mswaki wa zamani. Kibanio cha nyusi. Vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, kanga iliyochakaa ni bora. Stiliwaya laini kabisa. Trei ya mayai ya kuwekea skrubu. Grisi kidogo. Sindano mpya pakiti moja, na uzi mpya.

Sindano ni za nyumbani, zenye upande mmoja bapa kwenye shingo. Kwenye pakiti zinaandikwa HAx1, au 15x1, au 130/705H. Zote ni kitu kimoja. Zenye shingo ya duara ni za mashine za kiwandani, hata ikiingia usiiache.

Mafuta ya kula yasikaribie. Hapa kwetu nazi haikosi nyumbani, na nimefungua cherehani nyingi zilizotiwa mafuta ya nazi kwa nia njema kabisa. Yakikaa yanachanganyika na vumbi la nguo, yanakuwa kama ulimbo. Nusu ya "cherehani zilizokufa" zimekufa hivyo. Mafuta ya injini nayo ni mazito mno. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati inasaidia kulegeza, lakini si mafuta ya kulainisha. Ikishakauka inakuacha pakavu.

Kuifufua, hatua kwa hatua

1. Piga picha kabla hujagusa. Juu, chini, kushoto, kulia, na njia ya uzi kama bado upo. Kisha toa kichwa kwenye meza: vua mkanda, legeza skrubu mbili za bawaba, kiinue. Ni kizito, mwite mtu. Kilaze juu ya godoro la zamani au gunia lililokunjwa.

2. Toa sindano, mguu wa kubania kitambaa, bamba la sindano, kifuniko cha bobini na bamba la usoni upande wa kushoto. Kila skrubu iingie kwenye tundu lake la trei ya mayai kwa mpangilio ulioifungua. Skrubu ya Singer ina meno yake ya peke yake, ukiipoteza ya dukani haiingii.

Skrubu ikikataa usiikabe kwa bisibisi nyembamba, utakula kichwa chake. Itie tone la mafuta ya taa, isubiri.

3. Ng'oa vumbi la nguo. Hapa usiwe na haraka. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea 15K ya bibi yake wa Chumbageni, mama aliyeshonea watu maisha yake yote. Nilipotoa bamba la sindano, katikati ya meno (vile vichuma vinavyovuta kitambaa) nilikuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nililitoa zima kwa kibanio. Juu lilikuwa buluu, ya sketi za shule. Chini yake tabaka jeupe la kanzu. Chini kabisa jeusi, la mabuibui. Na katikati ya ule weusi, ncha ya sindano iliyovunjika, imekaa pale kama mwiba.

"Shikamoo fundi, imepona?" kijana akaniuliza aliporudi jioni.

"Marahaba. Bado sijatia hata tone la mafuta," nikamwambia, na nikazungusha gurudumu kwa kidole kimoja.

Kilichokuwa kimeizuia ni ile ncha. Kwa hiyo chokoa vumbi lote: katikati ya meno, chini ya meno, kwenye mzunguko wa bobini. Kisha angalia uzi uliojizungusha nyuma ya gurudumu la mkono. Huo hauonekani mpaka uinamishe macho, nao hubana kuliko kutu.

4. Tia mafuta ya taa kila penye kutembea. Vitundu vya juu vya mafuta, mfupa wa sindano (kile chuma kinachoibeba), mkono unaovuta uzi, na ukipindua kichwa, kila kiungo cha chini kinachojongea. Usiiogeshe mashine, tone mbili tatu kila mahali. Kisha iache. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, lakini kutu ya miaka ishirini haiondoki leo. Iache mpaka kesho. Asubuhi itoe juani saa moja au mbili chuma kipate joto, uongeze matone mengine.

Fanya kazi hii nje, mbali na jiko la mkaa na sigara. Vitambaa vyenye mafuta ya taa usivirundike ndani.

5. Sasa jaribu gurudumu. Lizungushe kuja kwako kidogo, lirudishe kidogo. Kuja, kurudi. Nafasi itapanuka upana wa ukucha, halafu wa kidole, halafu itazunguka. Kosa kubwa ninaloliona ni nyundo na plaizi. Mtu amekaa nayo siku tatu, uvumilivu umemwishia, anapiga gurudumu, na shafti inapinda au gia inavunjika. Kama imekataa leo, tia mafuta ya taa, nenda zako pwani.

6. Ikizunguka ila sindano haipandi, usishtuke. Katikati ya gurudumu la mkono kuna nati kubwa. Ikilegezwa, gurudumu huzunguka peke yake ili ujaze bobini bila kushona. Ikaze. Kama ikikazwa bado haishiki, vua kile kiskrubu kidogo cha pembeni, toa nati, na utakuta washa (kipete bapa cha chuma) yenye mabawa. Isafishe, igeuze nusu duara, irudishe. Washa hii ina upande wake, na ukiikosea haitakaza au haitalegea.

7. Futa mafuta ya taa yote, halafu tia mafuta ya cherehani. Usiache mafuta ya taa peke yake: yanasafisha, yanakauka, na chuma kinabaki uchi mbele ya upepo wa bahari. Tone moja kila tundu, kila kiungo, kisha zungusha dakika tano. Kesho yake utaona jasho jeusi linatoka chini. Huo ni uchafu wa zamani unatoka. Uweke kitambaa chini, futa, tia tena. Rudia mpaka mafuta yatoke masafi.

8. Visahani vya tensheni. Hivi ni vile viwili vinavyobana uzi wa juu. Fungua nati yake ukihesabu imezunguka mara ngapi, toa springi na visahani kwa mpangilio, piga picha kila hatua. Ndani kuna mstari wa kutu au uchafu uliochorwa na uzi. Sugua kwa stiliwaya laini na mafuta mpaka viwe laini kama sarafu mpya, ufute vikauke, urudishe. Visahani havitaki mafuta, mafuta yatapaka uzi na nguo.

9. Bamba la sindano na mguu. Pitisha ukucha pembezoni mwa tundu la sindano. Kama unakwama, pana makovu ya sindano zilizogonga, na ndipo uzi unapokatikia. Kunja msasa laini sana uwe mwembamba, sugua ndani ya tundu kidogo kidogo. Vyuma vyeupe vyenye kutu visugue kwa stiliwaya na mafuta.

10. Maua ya dhahabu: usiyaguse kwa spiriti. Yale maandishi na maua ya Singer yamefunikwa na vanishi ya kizamani ambayo spiriti na amonia huyeyusha. Nimeona mtu akisafisha "vizuri" mpaka SINGER ikabaki SING. Sabuni pia uiweke mbali. Tia mafuta ya cherehani kwenye pamba, pangusa polepole, futa, rudia. Itachukua jioni nzima, na itang'aa. Kupuliza rangi mpya usifikirie kabisa. Mwenye jicho la kukusanya hizi mashine ataiona rangi yako na kupita.

11. Meza na miguu, kwa ya kukanyaga. Safisha ekseli ya gurudumu kubwa na ncha zote mbili za fimbo ya kanyagio, tia mafuta. Ikigonga "ta, ta, ta", maungio ya fimbo yamelegea. Yakaze kidogo mpaka mlio ukome lakini kanyagio bado lining'inie huru. Kama meza inacheza, kaza boliti za miguu kwanza, kabla hujamwita seremala.

Mkanda wa ngozi ni wa duara, unene wa karibu milimita 5, urefu wa karibu sentimita 183 kabla ya kukatwa. Upitishe kwenye gurudumu kubwa, upandishe kwenye matundu ya meza, uzungushe gurudumu la kichwa, ukate pale unapokutana, utoboe kila ncha nusu sentimita kutoka mwisho na uubane kwa kile kikulabu chake. Ukazwe kiasi tu, usilie kama gambusi. Ngozi hulegea baada ya siku chache, kwa hiyo usikate sana mwanzo. Kuna fundi baiskeli hapa jirani hukata vipande vya mpira wa ndani wa tairi kuwa mkanda. Unafanya kazi kwa siku mbili tatu za dharura, lakini unavutika na kuteleza. Mpira huo huo, kipete chembamba, unafaa sana kwa kile kigurudumu cha kujazia bobini kilichoisha mpira wake.

12. Gia, kwa ya mkono. Futa grisi ya zamani iliyokauka, paka mpya kidogo tu kwenye meno. Tazama ile pini inayoingia katikati ya mikono ya gurudumu imefungwa vizuri. Mzunguko mmoja wa mkono hutoa mishono mitatu, kwa hiyo polepole yako ni kasi ya kutosha.

Kuweka sindano, mahali wengi wanapokwama

Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa upande wa pili. Uzi huingia kwa upande wa mfereji na kutokea upande wa ubapa. Siku zote. Kwa hiyo tazama kikulabu cha mwisho cha uzi juu ya sindano kiko upande gani, mfereji uelekee huko. Kwenye zile za risasi, 28 na 128, ubapa unakaa kulia na uzi unaingia kutoka kushoto. Isukume sindano juu mpaka igote, ndipo ukaze. Sindano iliyowekwa kinyume, au iliyoshuka nywele mbili, haishoni hata mshono mmoja, na ndipo mtu anaamini mashine ni mbovu.

Kanga na nguo nyepesi tumia namba 11 au 14. Kitenge 14. Kitambaa cha jinzi 16 au 18.

Kuitia uzi wa juu, inua mguu wa kubania kwanza. Ukishuka, visahani vimebana, na uzi hautaingia katikati yake.

Kujifunza kukanyaga bila uzi

Shida ya ya miguu si kuisukuma, ni kuanza kwa upande sahihi. Ikianza kinyume, uzi unajizungushia chini na unakatika.

Vua mkanda. Weka miguu yote miwili, mmoja mbele kidogo ya mwenzake. Vuta gurudumu kubwa kwa mkono, halafu liache miguu ifuate. Fanya hivyo mpaka miguu ijue kuliendeleza bila kurudi nyuma. Ndipo urudishe mkanda, sindano ukiwa umeitoa, mguu wa kubania umeinuliwa. (Usiushushe juu ya meno bila kitambaa, vinasagana.) Sasa anzisha kwa mkono wa kulia, gurudumu la kichwa likija kwako, na miguu ifuate. Kusimama, weka kiganja juu ya gurudumu.

Baada ya hapo chora mistari kwenye karatasi ya daftari, moja imenyooka, moja ya mawimbi kama bahari ya Raskazoni wakati wa kusi, moja ya pembe. Tia sindano ya zamani, bila uzi, ufuate mistari kwa matundu. Siku mbili za karatasi zinaokoa mita kadhaa za kitambaa.

Ya mkono, kinachobadilika ni kwamba kitambaa unaongoza kwa mkono wa kushoto peke yake. Mkono wa kuzungushia unausukuma kwenda mbele yako, na gurudumu lenyewe linakuja kwako. Watoto hujifunza hii haraka kuliko sisi.

Kazi ya kwanza: kukunja kanga

Kanga ni mwalimu mzuri, pamba tupu, nyepesi, haitelezi. Doti moja inakupa kingo nne za kukunja, na ukimaliza mtu anaivaa.

1. Kata doti katikati ya kanga mbili, pale kati ya mapindo mawili. Fuata uzi wa kitambaa, usifuate jicho.

2. Kunja ukingo uliokatwa mara mbili, nusu sentimita kila mkunjo, usije ukala pindo la kanga. Bana kwa kucha ukitembea nao. Kanga mpya ina wanga, inashika mkunjo yenyewe.

3. Weka urefu wa mshono karibu milimita 2. Kwenye Singer zenye namba za mishono kwa inchi, hiyo ni 12.

4. Vuta nyuzi zote mbili nyuma ya mguu, urefu wa kidole, uzishike kwa mishono mitatu ya mwanzo. Asiyezishika atapata kiota cha ndege chini ya kitambaa.

5. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano izame, shusha mguu, kanyaga. Usivute kitambaa kwa nyuma. Meno ndiyo yanayovuta. Ukivuta unapinda sindano, na sindano iliyopinda inagonga bamba.

6. Mwisho wa ukingo, mashine nyingi za zamani hazina kurudi nyuma. Acha sindano chini, inua mguu, geuza kanga, shona mishono mitatu minne juu ya ile ya mwanzo. Au zifunge nyuzi kwa mkono. Bibi zetu walifunga.

Ikisumbua

Inaruka mishono. Badilisha sindano kwanza, kabla hujagusa kingine chochote. Kisha angalia kama iko upande sahihi na imegota juu.

Vitanzi vinaonekana chini ya kitambaa. Kosa liko juu, hata kama jicho linakuonyesha chini. Uzi haujaingia katikati ya visahani. Toa wote, inua mguu, tia upya. Tensheni inafanya kazi mguu ukiwa chini tu, kwa hiyo usiipime ukiwa juu.

Vitanzi vinaonekana juu. Tensheni ya juu imekaza mno, au uzi wa bobini haujapita chini ya kile kibati cha nyumba yake. Ning'iniza nyumba ya bobini kwa uzi wake: isishuke yenyewe, ukiitikisa kidogo ishuke kidogo. Ukirekebisha skrubu yake, robo mzunguko kwa mara moja, na juu ya karatasi nyeupe maana ikidondoka hutaiona tena.

Uzi wa juu unakatika. Tazama tundu la bamba, jicho la sindano, na uzi wenyewe. Uvute kati ya mikono miwili: ukikatika kirahisi ni mbovu, umekaa juani dukani miezi mingi.

Kitambaa hakisogei. Urefu wa mshono uko sifuri, au meno yamejaa vumbi tena.

Imekuwa nzito ghafla. Uzi nyuma ya gurudumu, au mafuta yameisha. Anayeshona kutwa atie mafuta kila siku; anayeshona Ijumaa kwa Ijumaa, mara moja kwa mwezi.

Gurudumu linazunguka, mashine inateleza. Mkanda umelegea au umelowa mafuta. Ufute, ukate sentimita moja, uunge tena.

Kutu inarudi. Nyumba za karibu na bahari ndivyo zilivyo, hasa masika. Ifunike kwa kanga au kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani. Ikikaa bila kazi mwezi mzima, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta na uizungushe mara chache.

Na kama umefanya yote haya bado inaruka, iache cherehani nyumbani. Niletee kipande cha kitambaa chenye mshono mbaya pamoja na sindano uliyotumia, nikivitazama hivyo viwili najua pa kukuelekeza, na hutahangaika kuifunga tena nyuma ya baiskeli.